Nusu Kodi, Kiangazi Kizima

Jumatatu, 3 Juni

Tumeuzwa tena. Hii ni mara ya tatu tangu nianze kazi kwenye ofisi ya nyumba hizi za kupanga, na kila tukiuzwa wanabadilisha rangi ya geti na fulana zetu. Safari hii fulana ni za kijani.

Leo wafanyakazi tuliitwa ofisini kutia saini karatasi mpya. Msimamizi aliyetumwa na kampuni anaitwa Tamsin Rowe. Ameendesha gari kutoka Phoenix, amekuja na sanduku la soda baridi, na kabla sijakaa akaniuliza naishi na nani. Nikamwambia naishi na mama. Akauliza mama anaendeleaje na joto hili. Nimempenda.

Kilichokuwa kikitunyima raha sote ni punguzo. Sisi tunaofanya kazi hapa na kulala hapa hapa tunalipa nusu ya kodi anayolipa mpangaji wa kawaida. Bila nusu hiyo, mimi Ramona Yslas, meneja msaidizi mwenye miaka hamsini na mmoja na mama wa kumtunza, nisingeweza kuishi upande huu wa Tucson. Tamsin akasema, "Punguzo linabaki. Nyie ni familia." Tukashusha pumzi.

Karatasi zilikuwa kumi na nne. Nilisoma ya kwanza. Delbert Quiroz, fundi wetu, hakusoma hata hiyo. Alitia saini akiwa amesimama, akaacha alama ya grisi kwenye meza niliyoifuta asubuhi, akatoka akipiga mluzi. Mluzi wake unanichosha.

Alhamisi, 6 Juni

Joto. Viyoyozi vinne vimekufa.

Jumapili, 9 Juni

Siku yangu ya mapumziko. Nimegongewa mlango mara tano. Wote huanza hivyo hivyo: "Ramona, mpenzi, najua leo Jumapili, lakini..." Mmoja kapoteza ufunguo. Mmoja anataka kujua kwa nini bwawa lina maji ya kijani. Wa tatu hakuwa na shida yoyote, alitaka kumsema jirani yake. Maharage yangu yamepoa sahanini mara mbili.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na kiyoyozi, ananitazama nikiamka na kukaa, kuamka na kukaa.

"Nusu kodi, kazi nzima," akasema.

"Mama, tafadhali."

"Mimi nimesema nini? Nimehesabu milango tu."

Nje ya dirisha nilimwona Delbert anapanda paa la jengo C, ziliko mashine za viyoyozi, na kamba begani. Naye leo ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Jumatano, 12 Juni

Viyoyozi saba. Fundi wa pili aliondoka Mei na kampuni mpya haijaajiri mwingine. Nimemwandikia Tamsin. Amejibu kwa haraka na kwa upole: analishughulikia.

Jumatano, 19 Juni

Analishughulikia bado.

Jumatatu, 24 Juni

Sikukuu ya San Juan. Nilimpeleka mama kwenye maandamano ya kuombea mvua. Sanamu ya mtakatifu ikabebwa, ngoma zikapigwa, watoto wakamwagiwa maji. Mama alitazama juu kutwa nzima akitafuta wingu, mpaka shingo ikamuuma. Hakuna kitu. Mbingu nyeupe kama sahani.

Tuliporudi tulimkuta Nelda, mke wa Delbert, amekaa kwenye ngazi ya jengo lao na ndoo ya maji na taulo. Anamngoja mumewe ashuke paani ili amvike taulo la maji shingoni kabla hajapanda jengo jingine. Wameishi hapa miaka kumi na sita. Nelda ana kasuku wadogo tisa wanaopiga kelele siku nzima. Hakuna mpangaji aliyewahi kuwalalamikia, kwa sababu hakuna mpangaji anayetaka kumuudhi mwenye kutengeneza kiyoyozi.

"Mwambie ashuke apumzike," nikamwambia.

"Mwambie wewe, shoga. Wewe ndiye ofisi," akanijibu, akacheka.

Jumatano, 3 Julai

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa tano asubuhi mpangaji wa chumba cha juu jengo C alipiga simu kusema nyumba yake ni tanuri na ana mtoto mchanga. Nikampigia Delbert. Alikuwa kwenye jengo la kwetu, amemaliza viwili tangu alfajiri. Nikamwambia C ni ya haraka. Akasema, "Wammwagie mtoto maji ya baridi miguuni, mimi nakunywa maji yangu, naja." Nikasema mama mtu analia. Nikasema hivyo. Akasema, "Basi naja sasa."

Baada ya dakika ishirini nilisikia kishindo. Si kikubwa. Kama mtu kaangusha gunia la mchele. Nilidhani ni mashine ya takataka. Kisha nikasikia ukelele wa Nelda, na hapo miguu yangu ilijua kabla ya kichwa.

Alikuwa amelala ubavu kwenye changarawe, mota ya feni karibu na mkono wake. Alishuka ngazi nayo begani, kizunguzungu kikamchukua. Changarawe ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilipopiga magoti ngozi iliniungua. Nelda alikuwa ameshavua shati lake la juu, analisukuma chini ya shavu la mumewe lisiungue.

"Usinisogeze," Delbert akasema. Rangi yake ilikuwa ya majivu. "Nelda, acha kulia, unawatisha kasuku."

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshika mwavuli kumkinga jua na saa yangu ilikuwa mbele ya macho yangu. Walipokuwa wanampakia alinishika kidole. "Kile cha C," akasema, "nilikuwa nimeshafungua. Mwambie mtu asiguse waya."

Mpangaji wa juu alipiga simu tena saa nane kuuliza fundi yuko wapi. Nilikata simu. Tangu nianze kazi sijawahi kumkatia mpangaji simu.

Jumamosi, 6 Julai

Hospitali. Visigino vyote viwili vimevunjika, na pingili moja ya mgongo. Miezi mitatu bila kukanyaga chini vizuri, na ngazi ndiyo basi mpaka daktari aseme.

"Umekuja kunilipisha mwavuli?" Delbert akaniuliza nilipoingia.

Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akageuza uso upande wa ukuta ili nimalize. Sikuwahi kujua kwamba ana adabu ya namna hiyo. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja nikisikiliza mluzi tu.

Sikumwambia kwamba nilisema mama mtu analia. Anajua. Alikuwa upande wa pili wa simu.

Jumanne, 9 Julai

Mvua ya kwanza. Ilikuja alasiri, upepo na vumbi kwanza, halafu maji kana kwamba mtu kapasua pipa. Mama alitoka nje na gauni la nyumbani akasimama katikati ya maegesho. Mimi sikuiona vizuri. Paa la jengo A linavuja na hatuna fundi. Nimepanga ndoo kumi na mbili.

Jumatatu, 15 Julai

Ndoo.

Alhamisi, 18 Julai

Tamsin amekuja mwenyewe. Hakuleta soda. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Fundi mpya amepatikana, akasema. Anatoka Yuma, ana familia, na anataka nyumba humu humu kwa punguzo. Nyumba ya fundi ni ile ya Quiroz. Halafu akafungua ukurasa wa tisa wa zile karatasi kumi na nne: punguzo ni la mfanyakazi aliye kazini. Delbert hayuko kazini. Kuanzia mwezi ujao alipe kodi kamili au ahame ndani ya siku thelathini.

"Ameanguka kutoka paa lenu," nikasema.

"Na bima inamlipa sehemu ya mshahara. Hakuna anayemtupa mtu, Ramona."

"Kwa pesa ya bima hawezi kodi kamili."

"Najua." Alijifuta uso. Niliona kucha zake zimeliwa mpaka nyama. "Unadhani mimi naishi wapi? Naishi kwenye jengo lao kule Phoenix, kwa punguzo hilo hilo. Nikikataa kukuletea hii, kesho wataniletea mimi ya kwangu."

Akaniomba niandike barua kwa kuwa mimi ndiye ninayewajua. Akanisomea maneno, mimi nikapiga chapa: "Punguzo la kodi ni sehemu ya malipo ya kazi. Kazi ikisimama, malipo haya nayo husimama." Nikaweka saini yangu chini, kwa niaba ya uongozi.

Ningeweza kukataa. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilifikiria kiti cha mama karibu na kiyoyozi, nikapiga chapa.

Ijumaa, 19 Julai

Nimeipeleka. Nilibeba pia tamale za mahindi mabichi, zilizofungwa kwenye maganda yake, alizopika mama, sahani mkono mmoja, bahasha mkono mwingine, kama mjinga. Nelda alipokea sahani kwanza, akafurahi, akasema Delbert anatoka hospitali kesho. Halafu akaona bahasha.

Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Kasuku walikuwa wanapiga kelele nyuma yake. Alipomaliza aliugusa ule mstari wa mwisho kwa kidole.

"Hii ni saini yako?"

"Nelda, wameniagiza..."

"Nimeuliza kama ni yako."

"Ni yangu."

Akanirudishia sahani ikiwa bado imefunikwa. Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Mama aliiona sahani imerudi imejaa. Tumekula tamale zile usiku huu, na hazikuwa na ladha.

Jumapili, 28 Julai

Nimepishana na Nelda kwenye chumba cha kufulia. Alinipita kana kwamba mimi ni moja ya mashine.

Leo nimesoma karatasi zote kumi na nne. Imenichukua saa mbili na miwani ya mama. Kila kinachomhusu Delbert kinanihusu na mimi. Nikiugua, nikizeeka, nikimuudhi mtu, siku thelathini. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiiita hii nyumba yangu.

Ijumaa, 2 Agosti

Leo imekuja fomu ya bima ya Delbert. Wanataka mwajiri aeleze alikuwa anapata nini kazini, ili wajue wamlipe kiasi gani kila wiki mpaka apone. Swali la sita linasema: je, mfanyakazi alipewa makazi, chakula au kitu kingine kama sehemu ya malipo yake?

Nilimpigia Tamsin.

"Jaza hapana," akasema.

"Lakini alipewa nyumba."

"Alipewa punguzo. Punguzo si mshahara, ni zawadi ya kampuni. Jaza hapana, tia saini, itume Jumatatu."

Nikalisoma tena swali la sita.

"Ramona? Uko hapo?"

"Nipo," nikasema.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua kutwa. Bonde la nyuma limejaa maji mpaka barabarani. Watu hawakutoka, hakuna aliyegonga.

Nimemwambia mama yote, kwa mara ya kwanza. Barua, fomu, ukurasa wa tisa. Alikuwa anachambua maharage, anatupa mawe kwenye kikombe.

"Ngoja nielewe," akasema. "Walipotaka kumtoa, nyumba ilikuwa mshahara."

"Ndiyo."

"Sasa wanatakiwa kumlipa, nyumba imekuwa zawadi."

"Ndiyo, mama."

Jiwe likalia ndani ya kikombe. "Na zote mbili zina mkono wako?"

"Moja tu. Hii ya pili bado."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani atanipa mawaidha, maana huwa hanyimi mtu. Alisema tu, "Mimi nililala kwenye gari na baba yako miezi minne kabla hujazaliwa. Usinifanye mimi kuwa sababu."

Jumatatu, 5 Agosti

Nimejaza fomu. Swali la sita: ndiyo, nusu ya kodi, miaka kumi na sita. Walitaka uthibitisho kama upo. Nikatoa nakala ya barua ya tarehe 18 Julai, ile niliyoiandika mwenyewe, nikaibana nyuma. Punguzo la kodi ni sehemu ya malipo ya kazi. Saini yangu iko pale, jina la uongozi liko pale, tarehe iko pale. Aibu yangu yote ya kiangazi hiki kwenye karatasi moja, na leo imefaa kitu.

Niliipeleka posta mwenyewe, kwa miguu, ili nisipate nafasi ya kugeuza gari. Nilirudi nimeloa jasho. Kisha nikamtumia Tamsin nakala, asije akasikia kwa mtu mwingine.

Hakujibu.

Jumatano, 14 Agosti

Akina Quiroz wamehama. Wanakwenda kwa dada yake Delbert, nje kidogo ya mji. Delbert alikaa kwenye kiti cha magurudumu chini ya kivuli cha ngazi akiwaelekeza wabebaji, plasta miguu yote miwili, kizimba cha kasuku mapajani. Nilikwenda kumuaga. Nelda aliingia ndani aliponiona.

"Mpe muda," Delbert akasema. "Mimi nimekwisha kukusamehe, lakini mimi nakunywa vidonge vizito."

Nilitaka kumwambia habari ya fomu. Nikaogopa kumpa tumaini halafu lisitokee. Nikamwambia tu kwamba fundi mpya hajui hata valvu kuu ya maji iko wapi.

"Nyuma ya jengo B, chini ya sanduku la maua," akasema. "Usimwambie bure. Mwache atafute kidogo."

Ijumaa, 23 Agosti

Tamsin amekuja. Nilijua tangu alipoegesha gari, kwa namna alivyokaa ndani dakika nzima kabla ya kushuka.

Hakunifukuza. Alisema kampuni imepitia upya nafasi zote na imeona kazi ya meneja msaidizi haihitaji tena mtu anayelala hapa. Kazi ninayo. Mshahara ninao ule ule. Punguzo ndilo limeondoka, siku thelathini. Barua ilikuwa imeshaandikwa, na safari hii kaiandika yeye. Haina lile neno la malipo ya kazi. Wamejifunza.

"Ungejaza hapana tu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeangalia kikombe kilichovunjika.

"Wewe ungejaza?"

Alitazama dirishani, bwawa, viti vyetu vya plastiki. "Mimi nimejaza hapana mara mbili mwaka huu," akasema. "Kwenye majengo mengine." Akasimama, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akaniuliza kama choo cha wageni kimetengenezwa.

Jumamosi, 31 Agosti

Maboksi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimetafuta nyumba wiki mbili. Nyingine ghali, nyingine zinanuka, nyingine hazitaki mzee. Binamu yangu ana vyumba viwili nyuma ya nyumba yake South Tucson, bati juu, kiyoyozi cha zamani cha maji. Nitalipa zaidi ya nilivyokuwa nalipa, kwa nyumba ndogo kuliko ile. Mama ameiangalia, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema imejengwa na mtu aliyekuwa na akili zake.

Nimechoka. Nasubiri kujuta na bado sijajuta. Labda majuto nayo yamechoka.

Jumatatu, 16 Septemba

Tumehama. Mgongo. Sitaandika.

Ijumaa, 20 Septemba

Kwenda kazini ni dakika arobaini kwa basi, maana gari limeamua nalo kustaafu. Fulana ya kijani, meza ile ile. Katika nyumba yangu ya zamani naona mapazia ya mtu mwingine. Saa kumi na moja jioni nafunga ofisi naondoka, na wapangaji wananiangalia kama mtu anayetoroka.

Jumapili, 22 Septemba

Asubuhi mvua ndogo, labda ya mwisho. Mama alikuwa ameweka chungu cha maharage jikoni na mimi nilikuwa nafungua boksi la vyombo, gari likasimama nje. Nelda. Peke yake.

Sikujua nikae au nisimame. Mama ndiye aliyemfungulia, akambusu shavuni, akamvutia kiti, akamuuliza Delbert hajambo.

"Anatembea na magongo," Nelda akasema. "Jana alitaka kupanda kwenye kiti abadilishe taa. Nimeficha viti."

Mama akacheka. Mimi nikapakua chakula, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Nelda alikula, anamega chapati ya tortilla anachovya, macho kwenye sahani. Alizunguka vyumba vyetu kwa macho mara moja tu: boksi, bati, ndoo chini ya pale panapovuja. Naona binamu yangu amemweleza mtu na mtu amemweleza Nelda, kwa sababu hakuuliza kwa nini tuko hapa.

"Bima wamebadilisha," akasema hatimaye. "Wamehesabu na nyumba. Wanalipa tangu siku ile aliyoanguka. Tumepata mahali petu, karibu na kliniki. Wametutumia na karatasi zao zote." Akainua macho. "Barua ile uliiandika wewe."

"Mimi."

"Na fomu?"

"Mimi pia."

Mama alikuwa ameacha kutafuna. Nje maji yalidondoka kutoka kwenye bati, moja moja. Nelda alinitazama muda mrefu, kama mtu anayepima nguo mwilini mwa mwingine, aone wapi imebana na wapi imekaa.

"Ile barua sitaisahau," akasema.

"Usiisahau," nikamwambia.

Akasukuma sahani yake mbele yangu.

"Niongezee maharage, basi."